Maleba ya 1905: shajara ya fundi

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekabidhiwa kazi ya maleba, nguo za jukwaani. Kikundi chetu cha mtaa kwa miaka miwili kimeigiza michezo ya ndoa na mirathi, kila mtu na nguo aliyotoka nayo nyumbani. Sasa kimeamua kucheza Maji Maji. Mchezo kauandika mwongozaji mwenyewe: kijiji kimoja Umatumbi, mwaka 1905, kuanzia shamba la pamba la akida, mtawala mdogo wa Wajerumani, hadi habari inapofika kwamba Kinjikitile wa Ngarambe kanyongwa Mohoro. Waigizaji 14, nafasi 23. Onyesho ni Jumamosi 26 na Jumapili 27 Julai, ukumbi wa shule, hapa hapa Temeke. Fedha ya maleba ni shilingi 400,000, "na Fundi unajua pa kupata nafuu."

Nafuu naijua. Ila kabla sijapokea hela nilisema neno moja: akina dada wasije na vitenge. Wakaguna. Mmoja akasema watazamaji wakiona kitenge wanaelewa hapo ni zamani. Nikamjibu wakiona kitenge wanaelewa hapo ni sendofu.

Jumatano, 7 Mei

Nimekaa na picha za zamani kwenye simu hadi macho yamewasha. Kinachoonekana ni vitambaa viwili, basi. Kuna cheupe kisicho cheupe sana, ndiyo marekani, pamba isiyopaushwa iliyokuwa ikishushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, na jina likatokea huko. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokausha mzigo, viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia sokoni na cha kwao, watu wakaendelea kukiita marekani. Halafu kuna kaniki, buluu iliyoiva mpaka kwa mbali unaiona nyeusi. Mwanamke kajifunga kifuani, mwanamume kiunoni au kaitupia begani. Hamna mkono, hamna kola, hamna zipu.

Kwa fundi hiyo ni raha na ni balaa. Nusu ya mchezo nguo haishonwi, inafungwa tu. Lakini mwigizaji asiyejua kujifunga ataishikilia nguo yake kwa mkono mmoja onyesho zima, na huo mkono ndio alioambiwa aushikie jembe.

Cherehani basi itafanya kazi kwa wenye serikali: askari sita, akida, na ofisa mmoja wa Kijerumani.

Jumamosi, 10 Mei

Kariakoo tangu saa 3 asubuhi. Duka la kwanza kaniki hawana. La pili wakanitolea bitana nyeusi, wakaapa ndiyo hiyo hiyo. La tatu yuko mzee mmoja nyuma ya majora yake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, unatibu au unatibiwa?" Siku hizi kaniki watu wanaijua kwa waganga. Nikamwambia ni ya maigizo, nataka nane. "Nane! Hao mashetani wenu wengi." Akacheka mwenyewe, akanipunguzia mpaka 6,000 kila moja.

Marekani imenichukua muda zaidi. Kijana wa duka alikuwa na kitambaa rangi ndiyo yenyewe, laini, "na hiki mama hakikunjiki." Neno hilo tu likanitosha. Nikachomoa nyuzi mbili ukingoni, nikaomba kiberiti. Pamba ikiungua inanuka karatasi na jivu lake unalipuliza likapotea. Hizi zilijikunja, zikayeyuka, zikabaki kitone cheusi kigumu kwenye kidole. Polista. Kwa nguo ya kazini sina ugomvi nayo, ila chini ya taa za jukwaani inang'aa kama mfuko wa mkate, na aliyeivaa anachemka. Kijana kanuna. Marekani ya kweli nimeipata mtaa wa pili, mita 20 kwa 3,500 kila mita. Drili ya kaki mita 12 kwa 7,500 kila mita, ile ile ya kaptula za shule.

Marekani nimeiloweka usiku huu huu, maana hurudi ikiingia maji, na sitaki kukata leo nikajuta kesho. Kaniki nimeziweka kabatini na karatasi zake. Hazikatwi, za nini kuziloweka?

Jumapili, 18 Mei

Vipimo. Wanaume wanavuta tumbo, wanawake wananiambia "andika tu 38." Nimeandika nilichokisoma kwenye futi.

Anayecheza mganga ana urefu ambao sikuupangia kitambaa. Anayecheza ofisa wa Kijerumani ni mwembamba kuliko wote, mtoto wa chuo, sauti kubwa mwili hamna. Itabidi bega lijengwe kwa sponji.

Alhamisi, 22 Mei

Suala la sare. Mwongozaji kanitumia picha ya kombati za mabakamabaka, eti askari watatisha zaidi. Nimekataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, askari wa Mjerumani hapa walivaa kaki tupu. Ya pili, nguo zinazofanana na za jeshi si za kuchezea nchi hii. Mwaka 2023 JWTZ ilitangaza hadharani walio nazo wazisalimishe. Vijana wangu watakuwa wanatoka ukumbini usiku na mifuko ya nguo. Sitaki mmoja asimamishwe barabarani akaanza kueleza habari za tamthilia. Mwenyekiti wa mtaa nimekwishamwonyesha kaki yenyewe na kumweleza shughuli. Kauliza tu kama atapata kiti cha mbele.

Jumamosi, 31 Mei

Koti la kwanza limekwisha. Vifungo vitano mbele, kola ya kukunjwa, mifuko miwili ya kifuani. Nilianza bila gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani, kwenye kola, nikabana matumizi, kola ikalala kama sikio la mbwa aliyelowa. Nimefumua, nimeweka gamu, imesimama. Kuna mahali pa kubana na mahali pa kuachia, na kola ya mtu wa serikali ni pa kuachia. Mtazamaji wa safu ya mwisho haoni mshono wako, anachokiona ni kola na bega na kofia, kisha anaamua huyu ni mtu wa kuogopwa au la.

Umeme ulikatika saa 10 ukarudi usiku. Cherehani ya miguu haijui habari hizo. Pasi nimetumia ya mkaa, nikatandika kitambaa chenye maji juu ya drili isije ikang'aa.

Suruali sishoni. Mitumba ya soko la Karume, saba kwa 5,000 kila moja, kaki za aina tatu tofauti. Nimezichemsha pamoja na majani ya chai kwenye sufuria kubwa ya mama jirani hadi zikakaribiana. Hazikulingana kabisa, ila jukwaani watasema ni jua.

Jumanne, 3 Juni

Miguu ya askari. Walizungushia vitambaa vya buluu kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Ukitaka kuzungusha kweli kweli ni mita mbili na nusu kila mguu, na kijana wangu anayetoka kuwa mkulima na kurudi askari ana muda wa wimbo wa beti mbili tu. Kwa hiyo nimeshona uongo: soksi isiyo na unyayo, lastiki juu na chini, juu yake tepe za mshazari zimepandiana kama ngazi. Unaivuta kama soksi ya mpira. Buluu yake nimeikata kwenye kaniki moja, ya nane. Nguo za kijijini zinatosha saba.

Jumamosi, 7 Juni

Kofia zimenitesa wiki nzima. Askari wale walivaa tarbushi iliyofunikwa kaki, na ndani yake kulikuwa na umbo la kusukwa. Mimi nikajifanya mjanja, nikakata maboksi, nikayagundisha, nikayavalisha kaki. Zilipendeza mezani. Kwenye mazoezi dakika ishirini tu jasho likaingia kwenye boksi, na askari wa pili akawa anamkamata jumbe huku kofia yake inainama taratibu kama keki iliyotolewa mapema.

Jioni nikapita kwa bibi mmoja mtaa wa nyuma, mtu wa kisiwa cha Mafia, anayeshona mikeka na vikapu. Nikaamkia, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua ukili wake, ule utepe wa kusukwa wa kushonea mikeka, akauzungusha kichwani kwangu kupata kipimo, akasema: "Mwanangu, hiki unachokitaka ni kikapu. Kimegeuzwa tu." Sita kwa 8,000. Ukili unashonwa mzunguko juu ya mzunguko, hauhitaji gundi, hewa inapita, na ukilowa unakauka. Ndivyo nilivyopaswa kuanza.

Jumapili, 15 Juni

Kofia zimekuja. Zimenukia nyumba nzima, harufu ile ya mkeka mpya. Nimezivalisha kaki, nikaacha kipande nyuma cha kufunika kisogo. Alama ya tai ya mbele nimekata kwenye makopo ya soda, upande wa ndani wenye rangi ya fedha, nikachora kwa ncha ya msumari juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mistari itokeze. Kingo zinakata vibaya. Nimezikunja ndani kwa koleo baada ya kujikata dole gumba na kupaka damu kola namba tatu. Damu mbichi inatoka kwa mate ya mwenyewe na maji baridi, ukiiwahi. Niliiwahi.

Kofia ngumu ya ofisa ni magazeti na uji wa unga wa ngano, tabaka saba juu ya beseni la plastiki lililopakwa mafuta ya kupikia, siku moja kukauka kwa kila tabaka mbili. Mende wameionja.

Jumamosi, 21 Juni

Wamejaribu nguo kwa mara ya kwanza. Kijana wa kwanza kuvaa sare kamili kajitazama kwenye kioo cha kabati langu, kageuka kushoto, kageuka kulia, kasema: "Fundi, hizi pamba kali!" Wenzake wakadaka, pamba, pamba, nyumba nzima kelele. Mwongozaji alikuwa ameketi mlangoni na daftari lake. Akawaambia: "Haya rudieni hivyo hivyo, ila sasa nyinyi ni wale mnaoambiwa mkailime." Wakanyamaza kidogo. Sijui kama ataliingiza kwenye mchezo. Mimi ningeliacha hapo hapo chumbani kwangu.

Akida kapendeza kupita kiasi. Kanzu ya kuazima, kofia ya kiua ya marehemu babu yake, kizibao nilichomshonea cha rangi ya zambarau iliyopooza, makubadhi. Wenzake wote wanataka kuwa akida.

Jumamosi, 28 Juni

Kanga. Mke wa akida ni mtu wa pwani, na kanga pwani zilikuwepo kabla ya 1905. Lakini kanga zenye maneno ya herufi hizi zetu ni za baadaye. Maneno yalipoanza kuwekwa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Doti tuliyonayo ni ya mama wa mwigizaji, pindo zuri, mji wa mabakuli, na jina lake, yaani yale maneno, linasomeka toka barabarani. Kukata kanga ya mama wa watu siwezi. Nikamfundisha dada kuikunja jina liingie ndani kabla ya kujifunga.

Mazoezini alikunja vizuri. Eneo la msiba likafika, akapiga magoti, akanyanyua mikono kulia, mkunjo ukafunguka, na mbele ya maiti ya kaka yake tukasoma sote: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Maiti ndiyo iliyoanza kucheka.

Nimepiga mishono mirefu ya mkono kwenye lile kunjo, uzi wa rangi ya pindo. Utafumuliwa baada ya onyesho, kanga itarudi kwa mama bila kovu.

Jumatano, 2 Julai

Velkro iwe marufuku. Niliweka velkro kwenye makoti ili wanaobadilisha haraka wasihangaike na vifungo. Haraka ni haraka kweli, sekunde kumi. Lakini nyuma ya pazia, wakati mganga yuko katikati ya dua, kulisikika kraaa, kraaa, kraaa, askari sita wanavaa. Nimeing'oa yote, nimeweka vifungo vya kubana, na vile vitano vya mbele vimekuwa pambo. Saa nne za kazi ya mkono. Vidole vimekufa ganzi.

Jumamosi, 12 Julai

Leo mazoezi kamili, nguo zote, taa, na kwa mara ya kwanza maji. Hadi sasa mganga alikuwa ananyunyiza kibuyu kikavu.

Wakulima saba wamepanga mstari, marekani kiunoni, kaniki begani, vichwani wamejifunga mabua ya mtama. Mganga akachovya usinga, akawanyunyizia. Vizuri. Mwongozaji akapaza sauti, "Mimina, usiogope, mimina!" Akamimina. Nikaona mstari wa kwanza unashuka kifuani kwa kijana wa kati, buluu, mwembamba kama wino uliotoroka kalamu. Kisha wa pili. Kisha wote saba walikuwa wanachuruzika, marekani zao zinakunywa, na mmoja kajifuta uso kwa kiganja akabaki na shavu la buluu.

Mwongozaji kasimama kwenye kiti: "Ibaki hivyo! Inapendeza!"

Kwa usiku mmoja labda. Jumapili ningewavalisha nini? Na watazamaji wa Temeke nawajua. Dawa ya vita ikichuja rangi watasema mganga kaleta kaniki feki, na kutoka hapo hakuna atakayesikiliza maneno.

Kosa ni langu. Niliiosha marekani kwa sababu inakatwa, nikaiacha kaniki kwa sababu haikatwi, nikasahau kwamba kwenye mchezo wa Maji Maji kila nguo itakutana na maji.

Jumapili, 13 Julai

Chumvi. Kila mtu kanishauri chumvi, na mama yangu kwa simu kaongeza siki. Nimeloweka moja kwa chumvi, moja kwa siki, moja kwa maji matupu na sabuni ya mche. Jioni nikapima zote kwa namna moja: kaniki iliyolowa katikati ya vipande viwili vya marekani safi, nimesimama juu yake nikihesabu hadi 100. Zote tatu zimechafua, na sikuona tofauti ya kusema. Rangi ya ziada imekaa juu ya uzi, haikushika. Huwezi kuibembeleza ibaki. Ni kuitoa.

Jumatatu hadi Alhamisi, 14–17 Julai

Kufua. Maji ya kwanza kama wino. Ya pili kama wino. Ya nne unauona mkono wako ndani. Nikabadilisha kwa kuchemsha kidogo, halafu baridi, halafu kuchemsha. Jirani kauliza kama nimefungua kilinge. Ya saba yana ukungu wa buluu tu. Ya nane nimesimama juu ya kipande cheupe, nimehesabu 100, nimekiinua: kivuli, hata si rangi. Soksi za askari nazo zimepita njia hiyo hiyo, lastiki zimelegea, nimeweka mpya.

Na kaniki zenyewe zimekuwa nzuri zaidi. Zilikuja nyeusi za dukani, ngumu, zenye mikunjo ya karatasi. Sasa zimepauka mabegani, zimelainika, zinaanguka mwilini kama nguo ya mtu aliyeivaa misimu mitatu. Nilikuwa nimepanga kuzichakaza kwa msasa, sasa sina haja. Marekani zilizochafuka sikuzihangaikia. Nimezichovya zote kwenye chai nzito, madoa yakawa ya kijivu, uchafu wa shamba.

Mabua ya mtama yamevunjika yote. Bibi wa ukili katusukia mengine kwa ukindu, kayakausha juani, safu ya pili tu huwezi kuyajua.

Jumamosi, 26 Julai

Saa 1 usiku. Nimekaa nyuma ya pazia na mkebe wa pini mapajani. Bati la ukumbi bado lina joto la mchana.

Lililoharibika: kifungo kimoja cha askari wa nne, na bega la sponji la Mjerumani lilihamia mgongoni eneo la tatu, akatembea nalo kama kibiongo. Watu walidhani ndiyo tabia ya mtu huyo. Kesho nalishona.

Maji yalimwagwa kibuyu kizima. Nilichungulia pembeni ya pazia, nikiangalia vifua tu. Yalishuka meupe.

Jumatatu, 28 Julai

Kuhesabu. Makoti sita yapo. Kaniki saba zipo, moja ina harufu ya moshi wa mishikaki. Soksi kumi na moja, ya kumi na mbili haijulikani. Kanga nimeifumua, nimeipiga pasi, nimeirudisha kwa mama mwenyewe; kaikagua pindo kwa pindo kwanza, ndipo akasema ahsante. Fedha imebaki 34,500, nimeikabidhi kwa mweka hazina na risiti zote, hata ya kiberiti.

Bibi wa Mafia kaomba kofia mbili azivue kaki, ana mteja wa vikapu vya mayai. Nimempa. Nne nimezining'iniza juu ya kabati, panya wasizifikie.

Mwongozaji kapita jioni kuchukua daftari alilolisahau. Keshaanza kusema habari za Songea, wale 67 walionyongwa Februari 1906, atahitaji Wangoni wasiopungua ishirini. Nikamuuliza hela iko wapi. Akasema tutaongea. Nimemwonyesha kabati: kaniki zilizopo hazichuji tena, aanzie hapo.